Hafidha na Chumba cha Chini

Hafidha ni mtoto wa kaka yangu, Mpemba wa Wete. Nimekaa naye Guangzhou miaka mingi, hata vichochoro vya Xiaobei, mtaa wetu Waafrika pale mjini, navijua kuliko Wete ya sasa. Naandika habari zake kwa sababu watu wamezisema vibaya. Wako wanaosema aliwauzia Wayahudi nyumba yake. Wako wanaosema alikuwa na kinyongo na Mwadini, mgeni wake wa miaka yote. Si hili wala si lile. Mimi nilikuwepo. Shule nimesoma kidogo na kalamu inanichosha mkono, lakini macho ninayo.

Alikuja China kama walivyokuja wengine, kununua nguo. Alikuwa na duka la nguo za watoto Darajani, Unguja. Mumewe alipomwacha alimwachia rafu, bidhaa akachukua yeye. Hafidha akakopa nauli kwa mama yake, akapanda ndege na wenzake, akashukia Zhanqian Road kwenye yale majengo ya nguo za jumla, duka juu ya duka. Akajifunza kusema "duoshao qian", maana yake bei gani, na "bu yao", maana yake sitaki, na kuondoka polepole ili aitwe tena. Lakini riziki yake haikuwa kwenye nguo. Wafanyabiashara wetu walikuwa wanateseka na chakula. Hawajui nini halali, nini kimepikwa na mafuta ya nguruwe, wengine wanashinda na biskuti wiki nzima. Hafidha akawa anawapikia wali kwenye chumba cha hoteli, mpaka hoteli ikamfukuza. Ndipo akakodi nyumba nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu. Juu vyumba vya kulala wageni, chini sebule, jiko, na chumba kimoja cha mbele ambacho mtu anaingia kutoka barabarani bila kupanda hata ngazi moja.

Jambo moja kumhusu ulijue, maana bila hilo hutomwelewa. Hafidha hakuwa na utaratibu wa kuandika nani anakuja lini. Mtu anapiga simu, yeye akimwambia "karibu", chumba kimepata mtu. Basi. Siku moja alikuja tajiri mmoja wa Dar, mwenye jina, akakuta nyumba imejaa. Chumba kizuri kilikuwa na mwanafunzi wa Kihaya, Revocatus, kijana wa masomo ya serikali, aliyekuja kuugulia malaria mjini. Tajiri akadhani atapishwa. Alilala kwenye kochi la sebuleni, asubuhi akaletewa chai kama wengine.

Sasa Mwadini. Nyumba ile ilisimama kwa Mwadini, lazima niseme. Maonyesho makubwa ya biashara ya Pazhou yanafanyika mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba, na mara zote mbili Mwadini anakuja na kundi la watu wa Unguja na Dar. Yeye ndiye anayewajua mawakala wa kontena, yeye ndiye anayejua kiwanda gani ni cha waongo. Akisema lala hapa, wanalala. Akisema hameni, wanahama. Na kwa sababu ana goti bovu, chumba cha chini kilikuwa chake miaka yote. Hakuwahi kupiga simu. Alikuwa anakuja tu.

Na Shifra. Huyu ni mke wa rabi wa Wayahudi wa Guangzhou. Wengi wao ni wafanyabiashara kama sisi, wanakuja na kuondoka, lakini wana nyumba yao ya ibada ng'ambo ya pili ya Huanshi. Hafidha na Shifra walijuana kwa muuza samaki. Shifra alikuwa anakwenda na kisu chake mkobani, anamkatalia Mchina asiguse samaki kwa kisu cha dukani. Kila siku ugomvi. Hafidha akasimama nyuma yake akicheka, mpaka Shifra akageuka.

"Unacheka nini?"

"Nacheka kwa sababu mimi nilidhani niko peke yangu. Mimi nyama, wewe samaki. Huyu bwana tutamwua."

Tangu hapo wakawa wanakwenda sokoni pamoja.

Mwaka 2006 maonyesho ya Oktoba yaliangukia ndani ya Ramadhani. Hoteli zote zimejaa mpaka ukumbini. Mchana mmoja Shifra akaja jikoni kwetu, akakaa. Kwenye vyombo vyetu hali chakula, dini yake haimruhusu, lakini maji ya baridi kwenye gilasi anakunywa. Siku ile hata hayo aliyakataa, kwa sababu sisi tulikuwa tumefunga.

Akaeleza. Wayahudi wa pale walikuwa wamealika familia kutoka kwao Israeli zije zipumzike na zipewe heshima. Si askari. Ni watu wa vijijini wanaopeana zamu za kulinda geti, mkulima leo, mwalimu kesho. Kule bara wangeitwa sungusungu. Wengine wameumia kwenye hiyo zamu, wengine wamekufa na wameacha wajane. Familia nyingine zimeshapata pa kulala, kwenye nyumba za wenzao. Imebaki moja. Mume anaitwa Naftali, amekatwa miguu yote miwili, yuko kwenye kiti cha magurudumu, na mkewe Orna. Wayahudi wa Guangzhou wote wanakaa juu kwenye maghorofa, na Jumamosi yao, inayoanza Ijumaa jua likitua, hawapandi gari wala lifti. Chakula cha heshima ni Ijumaa hiyo hiyo. Akilala mbali au juu, Naftali hatofika kwenye meza iliyoandaliwa kwa ajili yake.

"Natafuta chumba cha chini, karibu na kwetu," Shifra akasema.

"Karibu," Hafidha akasema.

Nilimngoja Shifra aondoke. "Mwanangu, chumba kile kina mwenyewe."

"Mwenyewe hajapiga simu, shangazi."

"Tangu lini Mwadini akapiga simu? Mwadini huja."

"Akija nitamwambia."

"Utamwambia nini? Kwamba umempa Myahudi kitanda chake?"

"Nitamwambia kimepata mtu."

Nilimwambia kuwa atafunga nyumba. Akanipa vitunguu nimenye.

Naftali na Orna wakaja. Yeye mtu wa makamo, mikono mikubwa, mkulima wa maparachichi. Orna mwembamba, hacheki ovyo. Siku mbili baadaye Mwadini akafika na watu wake na mabegi matupu ya kujaza. Akanisalimu, akapita moja kwa moja, akafungua mlango wa chumba chake. Akaufunga.

"Bi Hafidha! Chumbani kwangu mna Wazungu."

"Wageni wangu, ami."

"Wa wapi?"

Hafidha angeweza kusema wa Ulaya. Hakusema. Alisema kweli yote, na nani kamleta, na kwa nini. Wanaume wakatazamana. Vita vya Lebanoni vilikuwa vimetulia juzi juzi tu, sote tulikuwa tumekesha mbele ya televisheni tukitazama majumba yakiporomoka.

"Mwaka huu, Bi Hafidha?" Mwadini akauliza. "Mwezi huu?"

"Mimi sikuchagua mwaka wala mwezi, ami."

"Askari huyo."

"Mkulima. Alikuwa zamu ya kulinda kijiji."

"Aliyeshika bunduki ni askari."

"Hana miguu, ami."

"Na mimi sina goti!"

Sufian, mmoja wa vijana wa Kariakoo aliokuja nao, akacheka. Mwadini akamtazama, akaacha.

"Nisikilize," Mwadini akasema. "Nitakaa mpaka Jumatatu, kwa heshima ya futari yako, mwezi huu sitaki kumharibia mtu riziki yake. Jumatatu ikinikuta hao bado wamo, mimi nahama. Na wanaonifuata watanifuata."

"Vyumba vya juu vimetandikwa, ami. Nimekuwekea cha karibu na ngazi."

Akapanda. Tulimsikia njia nzima.

Alhamisi Shifra akaja tena kumweleza Hafidha jambo jingine la sheria yao. Siku ile yao takatifu hawasukumi kitu chochote barabarani. Hata kiti cha mgonjwa. Wala hawamwambii mtu mwingine, siku ile ikishaingia, awasukumie. Kwa hiyo wamepanga mapema na mlinzi wa jengo letu, Lao Chen. Atamsukuma Naftali, na kwenye daraja la juu la kuvuka Huanshi, lenye ngazi, atamwita mwenziwe wambebe.

"Amesema mei wenti," Shifra akasema. Maana yake hakuna tatizo.

Lao Chen alikuwa mtu mwema lakini kila kitu kwake kilikuwa mei wenti. Bomba limepasuka, mei wenti.

Ijumaa jua linakaribia kutua, Orna akawasha mishumaa yake chumbani, akaomba taa isizimwe. Naftali amevaa shati jeupe. Sebuleni kwetu mkeka umetandikwa: tende, uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, tambi, sambusa. Wanaume wamekaa wanatazama saa. Na Lao Chen hayupo. Bosi wa jengo alikuwa amempeleka geti la nyuma kulinda malori yanayopakia mizigo ya maonyesho, na mwenziwe kachukuliwa naye.

Jua likatua. Tukafungua kwa tende na maji. Mwadini akaswalisha. Wanaume wanarudi mkekani, ndipo mlango ukagongwa. Alikuwa rabi, mume wa Shifra, kaja kwa miguu, koti jeusi, jasho linamtiririka. Akasimama mlangoni, hakuingia.

"Lao Chen hakuja," akasema.

"Nimeona," Hafidha akajibu.

"Watu wote wamekaa mezani. Mkate haujakatwa."

"Naam."

"Naftali yuko hapa."

 Akabaki anaitazama sakafu.

Nikamwuliza Hafidha kwa Kiswahili, "Anataka nini huyu? Si aseme?"

"Dini yake haimruhusu kusema, shangazi. Yangu hainikatazi kusukuma."

"Na wageni wako? Mwenye nyumba anawaacha watu kwenye futari?"

Akafunga mtandio vizuri. "Ami Mwadini, wenye nyumba ni nyinyi. Uji uko kwenye chupa, sambusa nyingine ziko jikoni zimefunikwa. Nisameheni."

Mwadini kijiko kikamwishia hewani. "Unakwenda wapi?"

"Kumpeleka mgeni."

"Utampitisha hapo nje? Mtaa mzima uko nje wanafuturu!"

"Hakuna njia nyingine."

Akaingia chumba cha chini, akashika kiti, akatoka nacho. Nilimfuata. Si kwamba nilikubali, lakini mwanamke wa kwetu hatembei peke yake magharibi na wanaume wasio wake.

Xiaobei saa ya futari katika Ramadhani, kama hujaiona, ni kama harusini. Wasomali, Wamali, Wapakistani, watu wetu, meza mpaka barabarani, moshi wa mishikaki. Hafidha anapita katikati na kiti, mbele rabi na koti lake, pembeni Orna, nyuma mimi. Watu wakaacha kutafuna. Mmoja akaniuliza, "Bi Swalha, mnampeleka wapi huyo?" Nikamwambia ale chakula chake.

Tukafika darajani. Ngazi, zile za Wachina zisizo na mwisho. Rabi akasimama. Orna akasimama. Hawa wawili hata kama wangekuwa na nguvu za tembo, wasingeweza kugusa kile kiti. Hafidha akashika nyuma, akanambia nishike mbele. Mimi! Nikashika. Kiti kikanyanyuka kidogo, kikarudi chini. Naftali akasema kitu kwa Kiingereza, turudi, si neno, atakula chumbani. Hafidha akamwambia akae kimya.

Nikasikia nyuma yetu mtu anatembea kwa kuchechemea, na hasira nazo nikazisikia.

"Bi Hafidha! Unajua mtaani wanasemaje sasa hivi?"

"Najua, ami."

"Wanasema wanaume wa Mwadini wamekaa wanakula uji, na wanawake wazima wanabeba mtu barabarani!" Akageuka nyuma. Walikuwa wamemfuata, Sufian na wenziwe, mmoja bado ana sambusa mkononi. "Na nyinyi mnatazama nini? Sinema? Shikeni!"

"Tushike, ami?" Sufian akauliza. "Si ulisema…"

"Nilisema nahama Jumatatu. Leo Ijumaa. Shika kiti, mjinga we, na usimwangushe, tutaambiwa tumekusudia."

Wakamnyanyua vijana wanne kama wanavyonyanyua robota la nguo, wakapanda naye, wakashuka ng'ambo. Mwadini hakupanda, alibaki chini na goti lake akiwapigia kelele wainue upande wa kushoto.

Kwenye ukumbi wa nyumba yao ya ibada watu wote walisimama Naftali alipoingia. Meza ndefu, mkate umefunikwa kitambaa, hakuna aliyegusa kitu. Kulikuwa na wajane na watoto wao, na wafanyabiashara wa kila nchi waliokuja kwa ajili ya Pazhou. Walitaka Hafidha akae mbele mezani pamoja na wageni wa heshima. Akakataa, akakaa karibu na mlango. "Nimekuja kusukuma," akasema. Wakatuletea samaki. Samaki wao wanatia sukari. Nilikula nikanyamaza, na mimi si mtu wa kunyamaza.

Rabi akasema maneno mengi. Wengine wakasema. Kila familia ikatajwa jina la mtu wake na kijiji chake, na watu wakaitikia. Naftali alipoambiwa aseme, akasema kidogo kwa Kiingereza, Hafidha akanitafsiria sikioni. Alisema mtu mwenye bunduki alikuja asubuhi, watoto wanaingia shule ya chekechea. Yeye na mwenziwe mmoja walikuwa zamu. Akafunga geti, ufunguo akaurusha ndani kwa mwalimu. Yeye na mwenziwe wakawa wamebaki nje.

"Halafu?" nikauliza.

"Basi, shangazi. Ndiyo amemaliza."

Mjane wa yule mwenziwe alikuwa amekaa ubavuni mwake. Akamkatia mkate, akamwekea kwenye sahani, wakala.

Tulipokuwa tunarudi, Sufian na wenziwe walikuwa wanatoka tarawehe. Wakambeba bila kuambiwa. Sufian akamwambia Naftali kwa Kiingereza chake cha sokoni kuwa angekuwa mzigo, angemtoza kwa kilo.

Jumatatu Mwadini akateremsha mabegi. Neno lake ni neno, kama la Hafidha, na ndiyo maana hawakuweza kuelewana. Mlango wa chumba cha chini ulikuwa wazi. Naftali akawaona baadhi ya wale waliombeba wanatoka na mizigo, akamwuliza Hafidha kulikoni. Hafidha hakutaka kusema. Orna akafahamu mwenyewe, akaanza kukunja nguo.

"Sisi ndio tuondoke," Naftali akasema. "Wewe una maisha hapa. Sisi tunakaa siku chache tu."

"Zirudishe hizo nguo," Hafidha akamwambia Orna. "Chumba hiki kina watu."

Mwadini alisikia, Kiingereza anakijua. Akasimama mlangoni na begi begani. Nikadhani sasa atalainika, na nakwambia Hafidha pia alidhani, kwa sababu alisogea kumpisha aingie. Hakuingia.

"Mwambie huyo bwana," akasema kwa Kiswahili, na Naftali yuko mbele yake, "magurudumu yake yapakwe mafuta. Yanalia mtaa mzima. Ni aibu kwa nyumba."

Hafidha akatafsiri. Naftali akainua mkono wake mkubwa, Mwadini akaupokea, mara moja, akauachia. Akaenda zake kwenye nyumba ya wageni ya mtu wa Tanga, nyuma ya stesheni. Watu wake wengi wakamfuata. Sufian na wawili wengine walibaki, na kwa hilo Mwadini hakusema nao mpaka Idi.

Miezi ile ilikuwa mizito. Hafidha akapunguza vyumba vya juu, akawakodisha wanafunzi, akina Dainess na Rozina wa vyuo vikuu, watu wa masomo, wanaokula sana. Naftali na Orna walirudi kwao. Shifra alitaka amfanyie Hafidha sherehe, na kibao chenye maandishi ya shukrani. Hafidha akasema heshima ile ilikuwa ya Naftali na yule mwenziwe aliyekufa, yeye asitiwe humo. Sokoni wakaendelea kwenda pamoja.

Aprili ikaja, na maonyesho yakaja. Siku moja simu ikalia, Hafidha akaipokea, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Mwadini alikuwa anauliza.

"Bi Hafidha, kuna nafasi?"

"Ipo ami, juu. Chini nimemwambia mtu karibu."

"Nani tena safari hii?"

"Mama mmoja wa Moshi, kavunjika nyonga."

 Nilikuwa nimesogea karibu ya simu, nikamsikia anaguna.

"Haya," akasema. "Cha karibu na ngazi."

"Karibu, ami," Hafidha akasema, akaenda kutandika.